Sabuni ya tonton ilivyogeuza maji ya ngai-ngai kuwa kijani

Wakuu, salamu toka Kisangani. Haya yalinipata mwenyewe enzi za Zaïre, siongezi chumvi.

Uvumilivu uliniisha pale tonton wa bwana yangu, yaani mjomba wa mume wangu, alipolamba kipande cha sabuni mbele yangu, akasema, "Sabuni iko muzuri, maman. Ni mutoto yako iko na ngozi ya muzungu."

Mikononi nilimbeba binti yangu, bado ananyonya, mapaja yamebabuka kama kamwagiwa maji ya moto. Nepi zake nilizifua kwa sabuni ile ile.

Tonton alipika sabuni nyuma ya nyumba yake, kule Tshopo. Mafuta ya mawese na soda caustique, ile soda kali inayounguza. Avenue nzima ilinunua kwake.

Kipimo chake ulimi: sabuni ikiuma, soda imezidi. Wapika sabuni wetu wote ndivyo wanavyopima, sikatai. Ila ulimi wa tonton, wakuu! Mchana anatafuna makasu, zile kokwa chungu, na pilipili, jioni lotoko, gongo yetu. Ulimi ule ulikufa zamani.

Bon, mimi nilifika humanités, yaani sekondari. Nikamkumbuka prof wa chimie, kemia: soda ni base, yaani alkali, ndimu ni acide, yaani asidi, na kuna rangi za mimea zinazozitambua.

Nikachemsha ngai-ngai nyekundu, mboga yetu ya kupikia samaki. Maji yakawa kama divai. Nikayagawa kwenye vikombe vitatu, kila kimoja nikatia kitu chake.

Ndimu: wekundu ukazidi kuwaka.
Sabuni ya dukani: bluu iliyofifia.
Sabuni ya tonton: kijani kabisa, yaani soda imezidi mno!

Nikaita majirani waone.

Tonton akacheka, eti basi nimpake mtoto ndimu, base itakufa. Msithubutu! Acide juu ya kidonda ni kuongeza moto. Nilimwosha kwa maji safi, mengi, basi.

Bwana yangu akaniomba ninyamaze, ni mambo ya familia.

"Na ngozi ya mutoto yako si familia?"

Akabeba vikombe, tukaenda bureau ya zone, ofisi ya Commissaire, mkuu wa eneo letu.

Nilichojifunza: ulimi una mazoea yake, ngai-ngai haina ukoo na mtu. Kwenu sabuni mnaipimaje? Semeni hapa chini.

Malalamiko niliyaandika kwa Kifaransa, maana yake hii: "Citoyen Commissaire, mtoto wangu ameungua. Naomba sabuni ya tonton wa bwana yangu isiuzwe mpaka ipimwe na kitu kingine zaidi ya ulimi wake. Kipimo nimekileta, kiko kwenye vikombe mbele yako."