Wino wa Jezi

Nilichukua wiki saba kuchagua printa. Shahada yangu ni ya ununuzi na ugavi, kwa hiyo utaratibu niliujua: andika mahitaji, kusanya maoni ya watumiaji, linganisha wauzaji, kisha amua. Hatua tatu za kwanza nilizifanya vizuri sana. Ya nne ndiyo ilikuwa haitokei.

Nilikuwa nakaa Upanga kwa shangazi yangu, ghorofa ya tatu, kwenye kachumba ambako zamani alikuwa anapigia nguo pasi. Shangazi ni muuguzi. Kila akirudi kazini alinikuta mezani na jedwali langu, kurasa nne zilizounganishwa kwa gundi.

"Bado hamjafunga ndoa?" aliniuliza siku moja.

"Nani, shangazi?"

"Wewe na hiyo karatasi."

Biashara niliyoitaka ni ya zawadi zenye picha na majina: vikombe, mito, fulana. Kazi yenyewe inaitwa sablimesheni, na kuieleza ni rahisi kuliko kuianza. Unachapa picha kwenye karatasi maalumu kwa wino maalumu, unaifunga kwenye kikombe kilichopakwa dawa, unaingiza kikombe kwenye mashine ya joto. Wino unageuka mvuke na kuzama ndani ya ile dawa. Ukibandua karatasi, picha imehama. Shida ni kwamba printa iliyowahi kunywa wino wa kawaida inachafua huu wa pili, na mimi niliuziwa maneno na kila duka. Muuzaji mmoja wa printa zilizotumika aliniambia, "Ioshe tu, dada, itasahau." Nilitafakari kwa siku kumi kama printa inaweza kusahau.

Aliyenitoa kwenye jedwali ni mama mmoja wa Kilimanjaro anayeuza mapazia kwa jumla Kariakoo. Anasali kanisa moja na shangazi. Tulimkuta dukani kwake amekaa katikati ya marobota, chupa ya chai miguuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mtaalamu wa vikombe?"

Nilitaka kumweleza kwamba bado niko kwenye hatua ya ulinganishi. Shangazi akawahi: "Ndiye."

Binti yake alikuwa anafanyiwa sendofu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, baada ya wiki tatu. Baba wa binti alishafariki. Mama alitaka vikombe arobaini vyenye picha ya mumewe, kimoja mbele ya kila ndugu kwenye meza za familia.

"Hatakuwepo kumshika binti yake mkono," alisema. "Basi angalau awepo mezani."

Akanipa picha ya studio: mwanamume mrefu mwenye suti ya kijivu, nyuma yake pazia lililochorwa maporomoko ya maji.

"Nisikilize, mwanangu. Mume wangu alikuwa mweusi. Mweusi wa kung'aa, na ndivyo nilivyompenda. Kwenye msiba vijana walichapa fulana, wakamtoa mwekundu kama karoti. Watu wanalia, mimi naangalia vifua vya watu, najiuliza huyu nani? Nimesafiri mpaka Moshi kuzika mtu nisiyemjua." Shangazi alicheka. Mama hakucheka. "Akitoka mwekundu usiniletee."

Ndani ya siku mbili nilinunua printa mpya ya matangi na mashine ya joto. Sijui nilifanyaje. Nadhani niliogopa yule mama kuliko nilivyoogopa kukosea.

Wino nao niliutafuta kwa utaratibu. Nilizunguka mitaa ya Kariakoo na daftari, nikauliza watu kumi na wanne wanaochapa kila siku. Wote, kasoro mmoja, walinitajia wino uleule.

"Huo ndo wenyewe, dada," kijana mmoja aliniambia bila kuacha kukunja fulana. "Nyekundu yake inawaka balaa."

Sijawahi kupata jibu lililokubaliana hivyo, hata chuoni. Nilikwenda nalo kwa muuzaji wa wino, mtu wa pwani mwenye kofia ya kufumwa na duka jembamba kama korido.

"Unachapa nini?" aliniuliza.

"Zawadi," nikajibu, na kabla hajaendelea nikamfunulia jedwali. Akalitazama, akanitazama mimi, akanipa wino.

Karatasi ya kwanza ilipotoka kwenye printa, marehemu alikuwa amefifia kama aliyefunikwa vumbi. Hilo nilikuwa nimelisoma: kabla ya joto rangi huwa zimelala. Nikafunga kikombe, nikakiingiza kwenye mashine, nikasubiri. Nilipobandua karatasi, uso wake ulikuwa na rangi ya tofali.

Nikapunguza joto. Nikapunguza dakika. Nikaongeza joto. Nikabadilisha upande wa karatasi, ingawa nilijua ulikuwa sahihi. Niliharibu vikombe sita, na vyote sita nikaviandika namba na kuvipanga dirishani, kuanzia tofali hadi chungwa. Suti yake ya kijivu nayo ilikuwa na wekundu kwa mbali. Hapo ningeshtuka, lakini nilishaamua tatizo ni langu na si la wino. Watu kumi na watatu hawawezi kukosea pamoja.

Kisha nikafanya kile ambacho studio zote za mjini hufanya. Bongo ukipiga picha, hata hujaomba, fundi anakupaka mwanga: anakutoa mweupe kidogo, anakulainisha mashavu, na wewe unashukuru. Nikaifungua picha kwenye kompyuta nikaanza kumng'arisha marehemu. Wekundu ukapungua. Akawa na rangi ya kahawia ya kupendeza, mtulivu, kama mtu kwenye tangazo la bima. Nikajiambia kwamba hakuna mjane atakayekataa mumewe kupendeza. Sikumwonyesha shangazi, kwa sababu shangazi husema ukweli.

Mama alikishika kikombe kwa mikono miwili, akakizungusha hadi mwanga wa mlangoni ukakipata vizuri.

"Kizuri," alisema. "Ni nani?"

Nikakiinamia kikombe kana kwamba nami nakiona mara ya kwanza.

"Labda mdogo wake. Mdogo wake alikuwa na rangi hii." Akakiweka juu ya robota. "Na tulikuwa hatuelewani."

"Mama, naweza kurekebisha..."

"Zimebaki siku nane. Nilikwambia mwekundu sitaki, sikujua kama na weupe nao ningepaswa kuutaja. Ukishindwa niambie mapema, mwanangu, tutakula bila yeye. Tulishazoea."

Hilo neno la mwisho ndilo nililotembea nalo. Nilikatiza Mnazi Mmoja kikombe kikiwa kwenye mfuko wa nailoni, nikapanga kichwani namna ya kumwambia shangazi, namna ya kutafuta kazi ya ofisini, namna ya kupita Kariakoo maisha yangu yote bila kukanyaga mtaa wa mapazia. Nilipofika upande wa pili nikageuka nikarudi, kwa sababu katika orodha yote ile sikuwa nimeweka kumuuliza aliyeniuzia wino.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Leo umekuja kunihoji au kununua?"

Nikamweleza, nikamwonyesha na kikombe kimoja cha rangi ya tofali nilichokuwa nimekitoa dirishani asubuhi ile kama ushahidi. Hakushangaa hata kidogo.

"Hao watu wako kumi na wanne," alisema, "wanachapa nini?"

Nikafungua jedwali. Kulikuwa na safu ya miaka waliyofanya kazi, safu ya aina ya printa, safu ya kama wameridhika, na hata safu ya kama walinijibu kwa uchangamfu. Ya wanachochapa haikuwepo. Lakini nilikuwa nimewaona. Nyuma ya karibu kila mmoja zilikuwa zimening'inia jezi, nyekundu kwa huyu, kijani na njano kwa yule.

"Mtaa huu unalishwa na mpira," alisema. "Wino unaokuja kwa wingi ni unaowasha rangi. Jezi lazima mtu aione toka Jangwani. Sasa ukiutia kwenye uso wa mtu, uso nao si utawaka?"

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuuliza unachapa nini, ukasema zawadi. Jezi si zawadi? Mimi mwenyewe mwanangu kaninunulia." Akacheka hadi akashika kaunta. "Na yule mmoja aliyekupinga?"

Nilimtafuta kwenye karatasi. Yeye nilimkuta anachapa picha za ukumbusho. Pembeni ya jibu lake nilikuwa nimeandika: *maoni ya pekee, yasizingatiwe.* Safu ya kazi nimeiongeza tangu siku ile, na ndiyo ya kwanza kushoto.

Mzee akainama, akatoa chini ya kaunta boksi lenye vumbi. Wino uleule anaotumia yule mmoja. "Nyekundu yake imepoa. Watu wa jezi wanautukana." Nilisoma tarehe ya kuisha mara tatu. Akanionya nisiumimine juu ya ule wa zamani. Lazima matangi yakaushwe kwanza, na mirija pia, la sivyo nitapata kitu cha tatu ambacho hakina jina.

Nyumbani nilikaa mbele ya printa saa nzima nikiwaza nitakavyoiharibu. Shangazi alirudi kutoka zamu ya asubuhi, akaona vikombe dirishani, akaona uso wangu, akaenda chumbani kwake. Alirudi na mabomba mapya ya sindano na glovu.

"Inatolewa kutoka wapi?"

Nikamwonyesha. Akavuta wino tangi baada ya tangi, bila kumwaga tone, huku akiisemesha printa kama anavyosemesha wagonjwa: haya, kidogo tu, tunamaliza. Mimi nilishika chupa. Tukajaza wino mpya, tukaifanya printa ijisafishe mpaka mistari ya majaribio ikatoka safi, tukachapa ile picha ya mwanzo kabisa, ambayo sikuwa nimeigusa.

Nilibandua karatasi nikiwa nimefumba jicho moja. Alikuwa mweusi. Paji la uso lilikuwa na mng'ao wa taa ya studio, na suti ilikuwa ya kijivu.

Shangazi alikichukua kikombe kwa kitambaa maana kilikuwa bado cha moto.

"Ah, huyu!" alisema. "Alikuwa anakaa benchi la nyuma kanisani, anaondoka kabla ya matangazo."

Vikombe arobaini nilivipeleka siku mbili kabla ya sendofu. Mama alitoa kimoja kwenye boksi, akakifuta kwa ncha ya khanga yake ingawa kilikuwa safi. Akainama, akafungua chupa ya chai, akamimina ya moto mpaka juu.

"Kama ni wa kutoka, atoke sasa," alisema.

Tukasubiri wote wawili. Akanywa polepole, ule uso ameugeuzia upande wake. Mteja mmoja aliingia, akashika pazia la mlangoni, akauliza bei.

"Subiri kidogo, mama," alimjibu bila kumtazama. "Naongea na mume wangu."

Mteja akaangalia huku na huku, akaniangalia mimi. Nami nikatazama marobota.

Alipomaliza chai, aliniambia vikombe thelathini na tisa vipelekwe kwenye gari. Hicho kimoja alikisuuza kwa maji ya chupa, akakiweka rafuni juu ya daftari lake.