Sauti Yangu Kwenye Tivii ya Mama Halima

Haya mambo ningependa nizikwe nayo, lakini kwa kuwa ploti yetu yote hapa Isiolo inayajua, na Garbatulla pia wanayajua, heri muyasikie kwangu, angalau mimi nitajihurumia kidogo.

Kazi yangu ni kuuza rangi za nyumba. Ila kuna siku niliizima simu ya Mama Halima nikaiwasha ikapona, na tangu hapo nikawa fundi wa mitambo yote ya ploti (cheo nilichokipokea kwa unyenyekevu mkubwa, kama mnavyonijua). Waifai tunatumia moja, nyumba zote, na rauta inakaa kwa Mama Halima kwa sababu nyumba yake iko katikati.

Basi Jumamosi moja wageni wakaja kutoka Garbatulla kumposa Halima. Baba yake alishafariki, kwa hivyo neno la mwisho lilikuwa la baba yake mdogo aliye Uarabuni, na yeye angepiga simu ya video. Mtandao ukagoma. Mama Halima akanijia mlangoni, akasema, "Mutuma mwanangu, wageni wameshaketi na simu inazunguka tu. Nisaidie."

Nilipofika niliiona shida mara moja: kwa kuogopa vumbi, mama alikuwa ameifungia rauta ndani ya sanduku la bati, waya tu ukichungulia nje. Ningeitoa nikaenda zangu. Lakini jikoni kulinukia pilau, na fundi anayemaliza kazi haraka hapewi sahani. Kwa hivyo niliitoa, nikaizima, nikaiwasha, nikazunguka sebuleni na simu juu kama mtu anayetafuta mahali pa kuchimba kisima, nikawaeleza wazee habari za mawimbi ambazo hata mimi sikuzielewa, halafu, kwa vile sijui kutosheka, nikaunganisha simu yangu na ile tivii yao kubwa ili waone vile baba mdogo atakavyotokea mkubwa. Kioo cha simu yangu kikatokea pale ukutani. Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Nikafunga simu, tivii ikawa nyeusi, nikaamini muunganisho umekatika.

Nikapewa pilau yangu uani. Nikamrekodia rafiki yangu Ekai ujumbe wa sauti, na huwa najisikiliza kwanza kabla ya kutuma (sauti yangu naipenda, nifanye nini). Nikabonyeza, kimya. Nikaongeza sauti, kimya. Nikaongeza mpaka mwisho, nikaipiga simu kwenye paja, huo ndio ufundi wenyewe, na hapo ndipo nikasikia mtu akihutubia sebuleni, nikajiuliza ni nani huyo mwenye sauti nzuri hivyo.

"Ekai, bwana harusi ana kipara kinang'aa kama sufuria mpya, na baba yake amemaliza sambusa saba bila kuinua macho. Na mtandao haukuwa na shida, huyu mama aliufungia kwenye bati kama dhahabu. Mimi najizungusha tu nipate pilau."

Nikaingia mbio na mkono umejaa pilau. Bwana harusi alikuwa ameshavaa kofia. Baba yake akanitazama, akasema polepole, "Zilikuwa nne."

Mama Halima hakunitazama kabisa, na hilo ndilo lililoniuma, maana ndiye aliyeniuguza malaria nilipohamia hapa sina mtu.

Na baba mdogo naye akachagua dakika hiyohiyo kupiga. Halima akatoka chumbani, akaunganisha simu ya mama yake na tivii bila kuuliza mtu (kumbe anajua, tena kunishinda). Baba mdogo akauliza mbona mko kimya hivyo, mzee wa sambusa akamsimulia neno kwa neno, na nikaitwa mbele. Nilikaripiwa na uso mkubwa kama mlango, kwa muda mrefu, na mtandao siku hiyo ulikuwa safi ajabu, haukukwama hata kidogo, sikukosa neno.

Aliyeniokoa ni bwana harusi. Alivua kofia akasema, "Kipara ni kweli. Afadhali Halima amekisikia mapema." Halima akacheka, wazee wakafuata, na posa ikakubaliwa.

Kesho yake nilienda kuomba msamaha. Mama Halima akanimiminia chai, akakaa, akasema, "Pilau ungeomba tu, Mutuma. Ningekunyima?"

Siku hizi mtandao ukikwama nakwama nao, kimya, ndani kwangu, na simu nimeizima.