Kijani Juu ya Nyekundu na Bluu

Tarehe 4 Machi 1996 mwanamke mmoja aliajiriwa katika kiwanda cha nguo kilicho nyuma ya stesheni ya mizigo, kazi yake kufagia vumbi la pamba chini ya mashine. Leo ndiye fundi mkuu wa ukumbi wa kusokota nyuzi, na jina alilopewa na wazazi limeshasahaulika. Kuanzia kwa meneja hadi kwa mlinzi wa geti, wote humwita Mama Nati.

Ukumbi wake una mashine moja tu, ndefu kama behewa, na mashine hiyo ina baba wawili. Mwili wake ulitoka kwa taifa kubwa linalopima kwa inchi. Giaboksi ya kwanza ilipokufa, serikali ilikuwa imeshanuniana na taifa hilo na kushikana mikono na hasimu wake, anayepima kwa milimita. Basi giaboksi mpya ya milimita ikafungwa kwenye mwili wa inchi. Bolti za pande hizo mbili zinafanana kama pacha. Ukizitia mkononi huoni tofauti, ila meno yake hayapatani.

Mama Nati alilimaliza tatizo hilo kwa rangi. Bolti na spana za inchi alizipaka nyekundu, za milimita bluu. Kila aliyeingia karakanani alifundishwa hilo kabla ya kufundishwa choo kiko wapi. Wifi yake, dada wa mumewe, alijifunza ufundi hivyo hivyo na akawa mwepesi kuliko wote.

Mwaka huu ikaja sera mpya ya viwanda. Kiwanda kitakachoonyesha kwamba kinasokota na kufuma chenyewe, kuanzia pamba hadi kitambaa, kitalindwa dhidi ya nguo za kutoka nje. Kisichoweza, shauri yake. Mkaguzi wa wizara angekuja Alhamisi, pamoja na wageni kutoka yale mataifa mawili, ambayo siku hizi hayauziani hata sindano. Meneja akahangaika. Wa inchi wakiiona giaboksi ya wenzao, hawatanunua kitambaa. Wa milimita wakiuona mwili wa wale, hawataleta vipuri. Jumatatu akaja na madebe ya rangi ya kijani.

"Pakeni kila kitu," alisema. "Mgeni akiingia aone mashine yetu. Si ya huyu wala si ya yule."

"Kila kitu, bosi?" Mama Nati aliuliza.

"Mpaka kivuli chake, mama."

Mama Nati alicheka. Hilo ndilo linalomchoma hadi leo, kwamba alicheka, kisha akaenda zake stoo kuhangaikia mafuta ya gia. Wapaka rangi wakatii neno kwa neno. Wifi alikuwa amefungua kifuniko cha giaboksi ili kumwaga mafuta machafu, na bolti zake za bluu zilikuwa zimelala kwenye sinia moja na nyekundu za mwili. Wakazipaka. Spana zilizoning'inia ukutani, nazo wakazipaka.

Jumanne wifi akaanza kufunga. Bolti ya tatu ilizunguka kidogo, ikagoma. Akadhani rangi imeziba meno. Akachomeka bomba kwenye mpini wa spana, akaegemeza uzito wake wote. Kukasikika mlio mkavu, na kasha la giaboksi likapasuka kuanzia kwenye tundu hadi chini.

Mama Nati alifika mbio, akaichomoa ile bolti na kuikwangua kwa ukucha. Chini ya kijani kulikuwa na nyekundu.

"Wifi, umefanya nini?"

"Nimefunga kijani kwa kijani. Kwani wewe unaona rangi nyingine hapa?"

"Si ungepima!"

"Nipime? Tangu lini? Miaka yote ni rangi, rangi, utadhani tunasuka mikeka. Leo ndiyo unakumbuka kuna kupima?"

Kipimo cha meno ya bolti kilikuwa kwenye droo ya Mama Nati, na ufunguo wa droo ulikuwa shingoni mwake.

Alimpigia simu wakala wa giaboksi za milimita. Wakala alikuwa mpole mno.

"Dada yangu, siku hizi tumekatazwa kuuza kiraka. Nunueni mtambo mzima wa kwetu, giaboksi imo ndani."

"Na huu nilio nao niupeleke wapi?"

"Huo waulize walioutengeneza."

Walioutengeneza walimwambia hawagusi mashine yenye kifaa cha wale. Akachomelea kasha mwenyewe, akijua chuma cha aina ile hakipendi kuchomelewa.

Alhamisi mashine iliwashwa. Ilisokota vizuri wakati mkaguzi akitembea kutoka upande mmoja hadi wa pili. Aliposimama mbele ya giaboksi, mshono wa kuchomelea ukaachia na mafuta yakamrukia viatuni.

"Hii mashine ni ya nani?" aliuliza akirudi nyuma.

"Yetu," alisema meneja.

"Nauliza nani atakuja kuitengeneza."

Meneja aliwatazama wageni. Wa inchi alitazama dari, wa milimita alitazama simu yake. Mama Nati alikuwa amepiga magoti, anafuta mafuta kwa pamba.

"Hakuna," alisema bila kuinua kichwa.

Kiwanda hakikupewa ulinzi. Jumatatu ijayo ukumbi wa kusokota utafungwa, na nyuzi zitaagizwa kutoka nje. Wifi atarudi nyumbani. Mama Nati atahamia ghalani, kuzipokea nyuzi hizo.