Mdomo Kulia, Miguu Kushoto

Siku ya kwanza nilivua kofia. Naanza na hilo kwa sababu ndiyo aibu ndogo kuliko zote, na ni vizuri msomaji azoee polepole.

Nilifika uwanjani mapema, Jumamosi asubuhi, nyuma ya majengo ya Norsborg, pembezoni mwa Stockholm, ninakoishi, nikiwa na mbwa wa binti yangu kwenye kamba. Uwanja ulikuwa umepangwa viunzi vya kuruka, handaki la turubai na mbao za kupanda na kushuka. Katikati ya vitu hivyo kulikuwa na watu wazima kama kumi, bila mbwa hata mmoja. Walitembea huku na huko, kila mtu na njia yake, macho mbali, midomo ikicheza, mikono ikirushwa kulia, ikirushwa kushoto. Mmoja aligeuka ghafla akapiga hatua tatu kinyumenyume huku akinong'ona. Mimi nimelelewa katika kanisa moja la Nakuru ambako watu wakizama katika maombi hutembea vivyo hivyo, hadi viti vinasogezwa ukutani. Nikasema moyoni, kumbe Waswidi hawa tunaowasema hawana dini wameficha maombi yao huku kwenye nyasi! Nikavua kofia, nikainamisha kichwa, nikamvuta na mbwa naye atulie. Nilisimama hivyo mpaka mama mmoja mwenye koti la mvua akaja kuniuliza kama najisikia vibaya.

"Nasubiri mmalize kuomba," nilimwambia.

Alinitazama kidogo, kisha akanieleza kwamba hao ni kundi la waliobobea, na walikuwa wakikariri njia. Katika mchezo huu mwenye mbwa hukimbia pamoja na mbwa wake, akimwongoza aruke hiki na kupenya kile kwa mpangilio, kwa hiyo lazima ajue mapema atageukia wapi. Mama huyo ndiye aliyekuwa mkufunzi wetu sisi wanaoanza. Alikuwa na miaka kama sabini na hakupenda maneno mengi. Nilijua tangu hapo kwamba hatutaelewana.

Kwa maana kazi yangu mimi ni maneno. Nazunguka shule za Stockholm nikifundisha Kiswahili watoto ambao wazazi wao wametoka Kenya, Kongo na Burundi, watoto wanaonisikiliza kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiswidi. Wakenya wenzangu wakiwa na harusi au mahafali, mshereheshaji ni mimi. Nimewahi kumtuliza mjomba wa bibi harusi aliyekuwa tayari ameshika koti lake aondoke. Binti yangu alipopata nafasi ya kusoma chuo kikuu Umeå, kaskazini kabisa, tulimfanyia sherehe nikasema dakika ishirini bila karatasi, na akina mama wakalia. Kesho yake nilimsindikiza stesheni kuu. Tulikuwa wawili tu. Nilimwambia, "Chunga mizigo. Haya, panda, utachelewa." Treni ilikuwa na dakika kumi na tano kabla ya kuondoka.

Ni mtoto wangu wa pekee. Mimi na mama yake tuliachana zamani bila kurushiana sahani. Mama yake yuko Nairobi, na binti alibaki nami. Kwa hiyo alipoondoka, nyumba yote ilibaki na mimi.

Chumba alichopata Umeå hakikuruhusu mbwa, na wiki mbili za kwanza mbwa alikaa kwa rafiki yake. Katika wiki hizo mbili nilipata ujumbe mmoja kutoka kwa binti yangu. Ulikuwa picha ya kidole gumba. Kisha rafiki akashindwa, mbwa akaletwa kwangu, na jioni hiyo hiyo simu ikalia, simu ya video. "Nionyeshe," alisema binti. Nikadhani anataka kuona jinsi ninavyoendelea. Alitaka mbwa. Nikageuza simu, naye akaanza kumsemesha mbwa kwa sauti ambayo sijaisikia tangu alipokuwa na miaka saba. Kuanzia hapo alipiga kila jioni. Kazi yangu ilikuwa kushika simu isitikisike, na nilifurahia kazi hiyo kuliko ninavyoweza kueleza.

Mbwa mwenyewe alikuwa kitu cha kilo sita, masikio makubwa, miguu mifupi, mwoga wa mwavuli na mjeuri kwa kila mtoto aliyesukumwa kwenye kigari. Binti alimpa jina la mkate fulani mtamu wa hapa, nami sikuwa tayari kusimama hadharani nikiita mkate. Nilimwita "wewe". Kwetu mbwa alifungwa mchana na kufunguliwa jioni, akala ukoko wa ugali, na hakuna aliyemuuliza kama ameshiba. Sasa nilikuwa mzee wa miaka hamsini na mitatu anayemkatia mbwa soseji vipande vidogo asije akapaliwa.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Binti alikuwa amepata nafasi katika nyumba ya kushirikiana na wasichana wengine, nao walikubali mbwa aje, ila awe msikivu. Kozi ya kuruka viunzi alishamwandikisha kabla ya kuondoka, Jumamosi nane. "Akimaliza kozi na akafaulu, nakuja kumchukua," alisema, kwa Kiswidi kama kawaida yake. Kwa maneno mengine, nilikabidhiwa kumfundisha yule yule ambaye akifundishika, simu yangu itanyamaza. Nikasema sawa. Baba gani angesema vingine?

Zoezi letu la kwanza lilikuwa handaki. Nilichuchumaa, nikamweleza mbwa kwa Kiswahili sanifu kwamba mbele yetu kuna handaki, kwamba handaki halina madhara, na kwamba wote waliotangulia wametoka salama upande wa pili. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo wanafunzi wangu hawajawahi kulifanya. Kisha nikasimama nikamwonyesha mlango kwa midomo. Sisi mikono ikiwa na kazi huelekeza kwa midomo. Ukiuliza chumvi iko wapi, mwenye nyumba anachomoza midomo upande wa kabati na mambo yamekwisha. Mkono wangu mmoja ulikuwa na kamba niliyomfungua, mwingine soseji. Basi nikachomoza midomo. Nikaichomoza tena, kwa nguvu zaidi. Mbwa akanitazama usoni, akatazama chini, halafu akatoka mbio, akalipita handaki na kwenda moja kwa moja kwenye begi la mkufunzi, akala mkate wake wa mchana.

"Ni wewe uliyemtuma," alisema mkufunzi.

Nikaanza kujitetea. Akanyoosha kidole kuelekea viatu vyangu. Vilikuwa vimeelekea kwenye begi, vyote viwili, sawasawa kabisa. Nilikuwa sijanywa chai asubuhi hiyo.

"Mbwa hana shida na mdomo wako," alisema. "Yeye anasoma miguu, kisha mabega. Ukisema kulia na miguu iko kushoto, ataamini miguu."

Nilichukia. Mtu umeheshimiwa miaka yote kwa ajili ya mdomo wako, halafu mama mwenye koti la mvua, na mate ya mbwa kwenye begi lake, anakuambia kwamba mdomo si kitu.

Lakini mimi ni mwalimu, na mwalimu hapendi kupata sifuri. Nikaanza kufanya mazoezi jioni kwenye nyasi kati ya majengo, viti viwili vya jikoni na ufagio juu yake. Jirani yangu wa ghorofa ya pili, mama mmoja wa Bukavu anayeimba kwaya, alisimama na mifuko yake ya dukani akatuangalia.

"Mwalimu," aliniita, "ni weye unafukuza imbwa, ao ni imbwa inakufukuza?"

"Ni mazoezi, mama."

"Ya nani?"

Nikaurudisha ufagio juu ya viti. Jumapili yake kanisa zima lilijua, na mchungaji alinishika mkono muda mrefu kuliko kawaida.

Kitu ambacho sikukitarajia kilitokea wiki ya tatu. Nilimsimulia binti kwamba mbwa anakwepa kiunzi cha pili, akaniambia niegemeze simu kwenye mti nikimbie aone. Nikakimbia. "Bega, pappa!" alipiga kelele kutoka Umeå, akiniita baba kwa Kiswidi. "Bega la kulia! Geuza bega!" Nikarudia. Nikarudia tena, tumbo likinitangulia, jasho likiingia machoni. Alicheka mpaka akakohoa. Nilipookota simu nikagundua kwamba alikuwa amenitazama mimi, si mbwa, kwa nusu saa nzima. Sikumbuki mara ya mwisho alipofanya hivyo. Kuanzia siku hiyo tulifanya mazoezi kila jioni, mvua inyeshe isinyeshe, na nakiri kwamba mara nyingine nilikosea makusudi ili aniambie nirudie.

Mbwa akawa mzuri. Hilo lilinikasirisha sana. Wiki ya sita alikuwa anapenya handaki bila kuambiwa mara mbili na kupita vigari vya watoto kimya.

Jumamosi ya nane binti alikuja. Alisimama mwisho wa uwanja, nyuma ya kiunzi cha kumi na cha mwisho, simu mkononi tayari kurekodi, kamba mpya ya mbwa begani. Asubuhi hiyo nilipokuwa nikikata soseji jikoni nilijua vizuri namna ya kumfanya mbwa abaki: kugeuza bega moja tu, mara moja. Nilijiambia sitafanya hivyo. Nilijiambia kwa sauti, kwa Kiswahili sanifu.

Tulianza. Kiunzi cha kwanza, cha pili, ubao wa kupanda, handaki. Masikio yake yalikuwa yanapepea na mimi nilikuwa nakimbia nikiwa nimesahau kabisa tumbo langu. Nilimwita kwa jina lake, lile la mkate, mbele ya watu wote. Tisa tulivipita safi. Kikabaki kimoja, na nyuma yake binti yangu, na ile kamba mpya begani mwake.

"Ruka!" nikapaza sauti.

Mdomo ulisema ruka. Miguu ikageuka. Mbwa, akiwa hatua moja tu kutoka kiunzini, akageuka nayo, akarudi handakini, akatoka, akaingia tena, akatoka akinizunguka na kubweka kwa furaha kama aliyeshinda bahati nasibu. Watu wakacheka. Nikainama kama msanii, kwa sababu mshereheshaji hajui kufanya kingine watu wakicheka. Ningependa kuandika kwamba niliteleza kwenye majani. Majani yalikuwepo. Sikuteleza.

Mkufunzi alikuja na karatasi yake. Nilikuwa na hakika ataandika kwamba bado. "Mbwa amefaulu," alimwambia binti yangu. "Amefanya alichoambiwa." Kisha akanitazama mimi, akafunga kalamu na kuondoka zake.

Jumapili tukawa tena stesheni kuu, safari hii watatu. Nilikuwa nimejiandaa. "Mchukue kwa amani," nilimwambia. "Ni wako. Mimi nina kazi nyingi, na nyumba itatulia. Nitasoma vitabu vyangu. Usiwe na wasiwasi juu yangu hata kidogo." Niliendelea hivyo, sauti imesimama vizuri, mpaka nikaona kwamba hanitazami usoni. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nami nikainamisha changu. Viatu vyangu vilikuwa vimeelekea ndani ya behewa, na ncha ya cha kulia ilishagusa ngazi.

"Men pappa," alisema, yaani lakini baba, na akanikumbatia na mbwa akiwa amebanwa katikati yetu. Kisha akapanda, milango ikafungwa.

Niliumia. Sioni sababu ya kulizungusha. Nilirudi Norsborg kwa treni ya chini ya ardhi, na mtoto mmoja wa kwenye kigari akanikazia macho mpaka kituo cha mwisho, hakuna wa kumbwekea. Nyumbani bakuli la maji lilikuwa sakafuni, limejaa nusu. Nikakaa kwenye kochi. Sikuwasha taa, sikupika. Nilijua kwamba simu haitalia, kwa kuwa alichokuwa akikipigia simu alikuwa nacho miguuni pake.

Simu ikalia. Video. Nyuma ya kichwa chake dirisha la treni lilikuwa jeusi.

"Nionyeshe," alisema.

"Nikuonyeshe nini? Mbwa si unaye wewe?"

"Amelala chini ya kiti. Nionyeshe miguu yako."

Nikageuza simu, nikaishusha. Nilikuwa sijavua viatu, ndani ya nyumba, kosa ambalo binti yangu amenikaripia maisha yake yote. Vilikuwa vimeelekea mlangoni. Hakunikaripia. Alivitazama kwa muda, nami nikasikia treni yake ikienda.

"Haya, nimeona," alisema. "Sasa nionyeshe uso."