Maziwa Tuliyokataa Kuchemsha

Msinicheke, jina langu ni Furaha. Baba alinipa jina hilo kule milimani, Kivu Kusini, wakati bado ana ng'ombe. Leo naishi Uganda, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nauza nyanya na dagaa mbele ya mlango wangu. Niliugua ugonjwa ambao sikujua kama unashika watu, na nimepona. Nawaandikia ninyi akina mama wenye mimba, hasa wa jamii zetu za wafugaji, msikie yaliyonipata.

Kabla ya hayo nilikuwa mzima wa afya. Nilibeba ndoo ya maji kichwani huku nagombana na jirani, na sikumwaga hata tone. Nilichokosa ni mtoto. Mimi na mume wangu, Gideon, tulikaa miaka mingi bila kupata. Kanisani waliniombea mpaka wakachoka. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye uwanja mmoja, hakunitukana hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Halafu mimba ikaingia. Nilipomwambia, alikaa chini palepale penye matope akalia.

Tangu siku hiyo mimba ile ikawa kazi yake.

“Mutoto wa kwetu anajengwa na maziwa,” aliniambia. “Chai na bugali ni ya kujaza tu tumbo.”

Na si maziwa yoyote. Kwetu maziwa hunywewa kama yalivyotoka kwa ng'ombe. Wazee walitufundisha kwamba ukiyabandika motoni, chuchu za ng'ombe aliyeyatoa zitapasuka na maziwa yatakauka. Kuchemsha ni kumdhulumu mnyama. Ng'ombe wetu wenyewe waliishia vitani, hatuna hata ndama, lakini tulipofika Uganda tuliendelea kuwahurumia ng'ombe wa watu wengine. Gideon alikuwa na rafiki mfugaji huko Endiinzi, Mnyankore mwenye roho nzuri. Gideon alikuwa anamfuata kwa baiskeli na kuniletea kidumu kizima. Nilikunywa asubuhi, nikanywa jioni. Yalikuwa matamu, siwezi kuwadanganya.

Mimba ilipoanza kuonekana vizuri, homa ikanianza. Asubuhi nilikuwa naamka salama, napanga nyanya zangu. Jua likianza kushuka, baridi inaniingia kwenye mifupa, natetemeka, halafu jasho linanitoka mpaka godoro linalowa. Kiuno kiliniuma kama kimevunjwa. Magoti yalikataa kukunjika. Kila chakula kilininukia vibaya, isipokuwa maziwa. Uso ulikonda huku tumbo linakua.

Tulikwenda kliniki moja ndogo ambayo sitaitaja. Mhudumu wa pale, ambaye sote tulimwita daktari, alinitoboa kidole akapima malaria. Hakuna malaria. Akaniandikia dawa za malaria.

“Lakini umesema haiko,” nilimwambia.

“Mama, iko ndani. Kipimo hapana ona yote,” alijibu, macho yake kwenye simu. “Wewe meza dawa. Na kunywa maziwa mingi, damu yako kidogo.”

Mama mkwe alitoka pale kichwa juu. Hata daktari amesema maziwa! Gideon akaanza kwenda Endiinzi mara nyingi zaidi.

Dawa zikaisha, homa ikabaki. Nikarudi. Akapima tena, hakuna malaria, akanichoma sindano za malaria. Nikarudi tena, ikawa vilevile. Katika kwenda na kurudi kote huko hakunishika tumbo. Hakuniuliza nakula nini wala kunywa nini. Nilipolia kwa maumivu ya kiuno alimwambia nesi, na mimi nasikia, kwamba wanawake wa Kongo wanapenda kulalamika. Niliona aibu, nikanyamaza.

Mtoto wangu alikuwa mchezaji. Nikiimba kwaya, yeye anapiga teke, na mama mkwe anacheka eti mutoto anaanza sauti ya nne. Kisha akapunguza. Mchana mzima nakaa nimeweka mkono tumboni, namngoja, hanijibu ila kidogo sana. Nilirudi kliniki. “Anachoka na joto yako,” alisema yule mhudumu. “Kesho atacheza.” Nilitaka sana kumwamini.

Siku iliyofuata nilikuwa nampimia mteja dagaa, maji yakanichuruzika miguuni. Yalikuwa ya rangi ya chai, na yananuka. Majirani wakanishika mkono mpaka kliniki. Yule mhudumu hakuinuka hata kwenye kiti chake.

“Siku yako bado. Hiyo ni mkojo. Enda nyumbani, lala.”

Nikalala, kwa sababu mwenye koti jeupe amesema nilale. Kulipokucha sikuweza kusimama, na nilikuwa naongea na marehemu baba yangu. Gideon ni mtu mpole, hajui kugombana hata na mbuzi aliyekula nguo zake. Siku ile alitoka akasimama katikati ya barabara mpaka gari lililobeba ndizi likasimama. Walinilaza juu ya mikungu, tukaenda Mbarara.

Hospitalini nilipokewa na daktari mwanamke, mzaliwa wa Bwizibwera, mji wanakokusanyia maziwa. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini alikitumia chote alichonacho. Alinishika tumbo kwa mikono miwili. Alinusa yale maji. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

“Wewe nakunywa maziwa?”

“Ndiyo, mingi,” nilijibu, na hata katika ule ugonjwa nilijisikia fahari.

“Nachemsha?”

“Hapana. Sisi hatuchemshaka maziwa.”

Akafumba macho kidogo. Akaagiza damu ichukuliwe, na majibu yaliporudi alikuja kukaa kwenye kitanda changu. “Brusela,” alisema. “Hii ugonjwa ya ng'ombe. Naingia kwa maziwa. Ng'ombe iko na mimba, natupa ndama. Na mtu pia, hivyo hivyo.”

Niligeuka kumtazama Gideon. Alikuwa amefunika uso kwa kofia yake.

“Kule Endiinzi ng'ombe mbili zilitupa mimba,” alisema. “Niliona na macho yangu. Nikamupa rafiki yangu pole, nikabeba maziwa.”

Nani kwetu angewaza kwamba ugonjwa wa zizini unaweza kupanda baiskeli ukaja mpaka kikombe cha mjamzito?

Binti yangu alizaliwa siku hiyohiyo, kabla ya wakati wake. Tulimwita Rebeka. Sauti yake ilikuwa ya kifaranga, na ngozi yake nyembamba mpaka mishipa inaonekana. Walimwekea oksijeni na dawa. Daktari hakunificha: vijidudu vilikuwa vimemkuta mtoto tumboni, na chupa ya maji ilikaa imepasuka muda mrefu. “Kama wao natuma wewe mapema,” alianza, kisha akarekebisha shuka langu.

Rebeka aliishi siku chache. Nilipata nafasi ya kuzoea harufu yake. Asubuhi moja, wakati wanapiga deki wodini, nesi alikuja akaniambia nikae kitako kwanza. Nikajua.

Maziwa yangu yakaja hata hivyo. Matiti yalijaa yakawa magumu, yanauma, yanalowesha blauzi, na hakuna wa kuyanyonya. Nilikuwa nayakamua kwenye kikombe cha hospitali na kuyamwaga kwenye sinki. Sijawahi kuchukia kitu kama nilivyoyachukia maziwa yale.

Mwanangu tulimzika Nakivale, na mimi nikaendelea kumeza dawa kwa wiki nyingi. Zingine zinageuza mkojo kuwa mwekundu, usishtuke. Tumbo linachafuka, unatamani kuziacha. Usiziache. Homa iliondoka polepole, magoti yakakunjika, nikarudi kwenye nyanya zangu. Mwili ulipona. Kuhusu moyo, sitaki kusema uongo, kuna siku naona heri ningeenda naye.

Mama mkwe alikataa kula. “Ni miye nilimuua,” alikuwa anasema. Nikamwambia, “Mama, wewe hukusomea udaktari.” Halafu nikaenda kliniki kwa yule aliyesema amesomea. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema, “Pole mama, hiyo ni mapenzi ya Mungu.”

“Mungu hakuniandikia dawa za malaria,” nilimwambia. Watu waliokuwa kwenye foleni walisikia. Akaita mgonjwa mwingine. Tulipeleka malalamiko, tukaambiwa tungoje, na yeye bado yuko palepale.

Kwa hiyo nawaambia ninyi. Chemsheni maziwa mpaka yapande juu. Ng'ombe hatadhurika, nimewauliza wafugaji wanaochemsha, na chuchu za ng'ombe wao ni nzima. Kipimo kikisema hakuna malaria, uliza basi ni nini, na uulize kwa sauti. Mtoto akipunguza kucheza, au maji yakitoka, usikubali kurudishwa nyumbani na mtu ambaye hakukugusa. Mfanyie fujo. Mimi niliona aibu kufanya fujo. Namshukuru yule daktari wa Mbarara, nawashukuru dada za kwaya walionifulia na kunilisha. Na Mungu namshukuru pia, ingawa tuna maneno mimi na Yeye.

Juzi kanisani waliniita mbele nitoe ushuhuda wa uponyaji. Nikasimulia kama nilivyosimulia hapa. Nilipofika mahali homa inaondoka walipiga vigelegele. Nilipomaliza walibaki wananitazama, wanangoja niendelee, niseme kwamba sasa Mungu amenipa mimba nyingine. Mchungaji alinisogelea akaninong'oneza, “Malizia, mama. Malizia na habari nzuri.”

Nikamwambia hiyo ndiyo yote.