Watu Waliofungiwa na Mwalimu Widad

Widad Kammoun anafundisha udereva hapa kwetu mjini Sfax. Mimi nimejifunza usukani kwake, na yaliyomtokea niliyaona mwenyewe.

Mwaka jana manispaa ilitangaza kwamba inafikiria kuyazuia magari kwenye barabara ya sokoni. Widad akaunga mkono siku hiyo hiyo. Watu wakamcheka sana kwenye kundi la mtaa la Fesibuku: mwalimu wa udereva hataki magari! Lakini yeye anajua ni mara ngapi wanafunzi wake wameponea chupuchupu kuwagonga akina mama wenye vikapu pale. Aliyempinga, Widad alimjibu kwa heshima. Akipinga tena, bloku: anamfungia wasionane tena mtandaoni. Mmoja alimtukania marehemu mama yake. Huyo alifungiwa papo hapo.

Machoni pake kundi likatulia. Kila aliyebaki alikuwa upande wake.

"Unaona?" aliniambia nikiwa naendesha. "Mji mzima umeelewa. Punguza mwendo wewe, unamkimbia nani?"

Miongoni mwa waliofungiwa alikuwa Lamjed, muuza samaki wake wa miaka mingi. Tangu ampige bloku, Widad alikuwa akinunua kwingine. Siku moja kwingine hakukuwa na pweza, na somo letu likaishia karibu na meza ya Lamjed. Lamjed alipomwona tu, akaweka kisu chini.

"Alhamdulillahi, dada Widad! Umepona?"

"Kwani niliumwa?"

"Si umepotea kule mtandaoni, na hapa hufiki. Nikamwambia mke wangu, Widad hanyamazi bure, huyo yuko hospitali. Tumekuombea dua."

Widad aliwatazama samaki kwanza, kisha akasema ukweli. "Sikuumwa. Nilikupiga bloku."

"Mimi? Kwa lipi?"

"Ulipinga barabara kufungwa."

"Na bado napinga!"

Nilidhani patachimbika. Badala yake Widad akauliza, "Kwa nini?" Nahisi mwenyewe alishangaa kwamba hakuwahi kuuliza.

"Barafu, dada yangu. Gari linaishusha hapa. Mkifunga njia, niibebe kichwani na jua hili la Julai?"

Widad akagusa barafu kwa kidole. Gari linakuja saa ngapi? Haliwezi kuja kabla wateja hawajafika? Na wenzako barafu wanaipata wapi? Mengine Lamjed aliyajibu, mengine akakuna kichwa, maana hakuna aliyewahi kumuuliza. Mazungumzo yalinoga hata pweza akasahauliwa juu ya mizani.

Jioni hiyo Widad alianza kuwafungulia watu, mmoja baada ya mwingine, apate kusoma waliyoyaandika wakati yeye hawaoni. Wengine walikuwa wanabwata tu. Lakini alimkuta mama mmoja wa kiti cha magurudumu, ambaye mwanawe humfikisha kwa gari hadi mlango wa duka la dawa kwenye barabara hiyo hiyo. Kesho yake somo zima Widad hakunigombeza hata mara moja.

Msimamo wake haukugeuka. Bado anataka magari yatoke, ila sasa anataka ya mizigo yaruhusiwe asubuhi, na ya walemavu wakati wote. Alipoandika hivyo, wa upande wake mwenyewe wakamwita kigeugeu.

"Sasa na hawa niwafungie?" aliniuliza, na alitaka jibu kweli.

Yule aliyemtukania mama hakumfungulia. "Huyo hatukutofautiana naye mawazo," alisema. "Huyo kanitukana."

Manispaa mpaka leo haijaamua. Widad amerudi kununua kwa Lamjed, na hubishana mpaka wateja wengine wanalalamika. Juzi Lamjed alifuta mikono kwenye aproni, akamsogezea simu.

"Hebu nionyeshe hiyo bloku inavyopigwa. Nataka kumfungia shemeji yangu."

"Naye anaunga mkono barabara ifungwe?"

"Hapana, tunakubaliana kila kitu. Ila kila asubuhi ananitumia picha ya maua."

Widad aliishika simu, akaiangalia ile picha, kisha akamuuliza, "Umewahi kumuuliza kwa nini anakutumia?"