Mtawa Aliyekuwa Hafundishi Akisimama

Mie nina hasira za karibu, nakubali. Watoto wangu wanasema nikitia ufunguo mlangoni tu wanajua siku yangu imekwendaje. Sasa mtu kama mie, Mzanzibari niliyefundisha walimu hapa Birmingham miaka kumi na mbili, nikaletewa watawa wa Kibudha niwafunze ualimu.

Hekalu lao lilitaka watoke nje. Waende mahospitalini, magerezani, mashuleni, wawaeleze watu wa leo ile hekima yao ya zamani. Hekima wanayo tele, haikuwa kazi yangu. Kazi yangu ilikuwa kuandaa somo, kutumia ubao, kuuliza maswali. Walikuwa sita, wanaume watano na mwanamke mmoja, wana adabu mpaka unaona haya kufoka mbele yao. Nilifoka hivyo hivyo.

Aliyenitoa roho alikuwa mmoja, mtu wa makamo, mpole. Tukikaa kunywa chai asubuhi alinieleza habari ya hasira vizuri mpaka nikahisi ananisema. Nikamwambia hilo ndilo liwe somo lake la majaribio. Tulikuwa na ukumbi mtaa wa Balsall Heath, na wanafunzi wetu walikuwa majirani, wengi wao wastaafu, waliokuja kwa ajili ya somo na kwa ajili ya sambusa za baada ya somo.

Siku ya kwanza akaanza amekaa kitini. Nikamkata kauli, nikamwambia asimame, mwalimu huku hafundishi amekaa. Akasimama. Akanyamaza. Kimya kabisa, mpaka bibi mmoja akakohoa kwa kumwonea huruma. Mara ya pili vile vile, kasimama kama nguzo, mdomo kaufumba. Nikaandika kwenye ripoti, "Hajiamini," nikapiga mstari chini yake.

Kozi inaruhusu majaribio matatu, na la tatu linatazamwa na mkaguzi kutoka nje. Akishindwa hapo ndiyo basi. Kulikuwa na hospitali inamsubiri akakae na wagonjwa, na yeye aliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote. Alinieleza sababu: mtawa mzee aliyemlea alifia wodini, na waliokuwa karibu naye hawakujua la kumwambia. Nilikuwa namkasirikia na huku namwombea Mungu.

Asubuhi ya jaribio la tatu yule mtawa wa kike alinivuta pembeni. Akaniambia wana sharti, la tangu zama za kale: ukiwa umesimama, usimfundishe dini mtu aliyekaa, isipokuwa awe mgonjwa.

"Na kwa nini hakuniambia?"

"Wewe ni mwalimu wake," akasema. "Ulimwambia asimame."

Lahaula. Wiki tatu namwita mwoga mtu aliyekuwa akinitii mie na kuitii dini yake kwa pamoja, kwa njia pekee aliyoiona, nayo ni kusimama na kunyamaza. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nikamkimbilia mkaguzi, nikamwomba mtu wangu afundishe amekaa. Mkaguzi akaangalia fomu yake. Fomu inataka mwalimu asimame na atumie ubao, akasema, na yeye fomu hakuitunga. Nikarudi kwa mtawa, nikamwambia, "Nisamehe. Fanya unavyojua wewe."

Akasimama mbele ya darasa. Kimya kikaanza tena. Kisha akamgeukia mzee wa safu ya mbele akamuuliza taratibu, "Wewe ni mgonjwa?"

Mzee akasema magoti, yote mawili, na la kushoto ndilo baya zaidi. "Basi wewe kaa," akasema mtawa. Akamuuliza wa pili. Presha. Kaa. Wa tatu akasema hana ugonjwa, ila tangu mumewe afariki halali. Mtawa akafikiri kidogo, akamwambia huo pia ni ugonjwa, akae. Wawili walikuwa wazima, wakaombwa wasimame, wakasimama wanacheka. Ikafika zamu ya mkaguzi. Aliitazama fomu, akatutazama sisi, akasema yeye mzima, akainuka na fomu yake mkononi.

Alifaulu, nakwambia mapema usije ukakaa roho juu. Alifundisha dakika arubaini hakukwama hata mara moja, na hospitali ikampata mtu wake. Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibana wiki tatu.

Lakini kabla hajaandika neno lolote ubaoni, alinigeukia na mie, niliyekuwa nimekaa nyuma kabisa na kalamu yangu.

"Na wewe, mwalimu? Ni mgonjwa?"

Nilikuwa nishafungua mdomo niseme sijambo. Ndivyo nilivyokuwa nasema kila siku, nyumbani na kazini, na Ramadhani nzima nilifunga saumu huku vidonge vikiwa ndani ya mkoba. Lakini yule hakuuliza kwa mazoea. Alikuwa anangoja jibu, na bila jibu asingeanza.

"Nina sukari," nikasema, mbele ya watu wote. "Tangu mwaka jana. Wanangu hawajui."

"Basi kaa, mwalimu," akasema, akachukua chaki.